Rejesta ya Shule Isiyo na Kengele

Ofisi yetu ni chumba kimoja, Barabara ya Kumi na Tano,
juu ya fundi cherehani. Akikanyaga, meza yangu hutetemeka
na majina ya watu hucheza kidogo.

Mwaka huu wamejiandikisha ishirini na watatu.
Mwaka jana kumi na tisa, wakabaki kumi na mmoja:
wengine mnara uliwaangusha, wengine bando.

Fomu inauliza umri.
Nimeandika kumi na nne. Nimeandika arobaini na saba:
Bwana Semboja, mlinzi wa ghala la katani, Pongwe,
anasoma fizikia kwa taa ya mwajiri wake.
Penye "mzazi au mlezi"
amejaza jina la bintiye.

Nasieku wa Kilindi hutuma kazi Jumatatu tu,
siku ya mnada,
mtandao ukifika pamoja na mbuzi.

Firdausi Jiwani, Chumbageni, hasikii,
ila huwa kashajibu kwa maandishi
mwalimu angali anakohoa.

Penye "kabila" Ntahondi, mjukuu wa manamba,
kaandika: Kambi Namba Tatu.
Nikalishika kalamu, nikaliacha.

Mwanamkuu, aliyetolewa kidato cha pili na tumbo lake,
alinipigia kwanza.
"Mtoto akilia darasani, mtanitoa?"
Nikamweleza kuna kitufe cha kuzima sauti.
Akanyamaza.
"Kuzimwa nakujua," akasema. "Niandike."

Mkaguzi alitaka wavulana, wasichana, jumla.
Nikampa.
Jumla ni kitu chepesi, inaingia mfukoni.

Saa mbili usiku naita majina.
Nipo. Nipo. Nipo, ila chaji asilimia sita.
Namba kumi na saba, Shekalaghe, Bumbuli:
kimya.
Kaacha kipaza sauti wazi, kaondoka.
Tukasikia mvua juu ya bati,
ng'ombe, sufuria,
mama akigomba Kisambaa, mlango, na mvua tena,
mvua kubwa,
na huku Tanga wiki ya tano hatujaona tone.

Mwalimu akataka kumzima.
Nikamwambia, subiri kidogo.

Chini fundi naye akasimamisha cherehani.
Sijui ni kwa ajili ya mvua ile
au uzi ulikatika.

Nikaweka vema mbele ya kumi na saba.