Herufi Zilizoshiba

Herufi za Fundi Shebwana zimeshiba.
B yake ina vitambi viwili,
O imefura mashavu kama mtoto apulizaye puto,
S haijui kusimama wima; yakata kiuno
juu ya mlango wa saluni, Mwembe Tayari.

Kwa juisi ya ukwaju zafaa. Kwa kinyozi, zafaa.

Juzi wakaja ndugu wawili wa Bondeni,
mmoja asubuhi, mwingine alasiri,
maana hawasemezani tangu matanga ya mama yao.
Ombi ni moja: NYUMBA HII HAIUZWI.
"Iwe kali, fundi. Itishe mtu."

Fundi akachovya brashi.
Mkono ni huo huo, hana wa akiba.

Sasa N imetanua miguu ukutani,
Z imekunja goti kama inayotaka kuruka kamba,
W yaonyesha meno yote.
Dalali kafika na mteja wake, kasoma,
kacheka hadi miwani ikamdondoka, kageuza njia.

Ndugu wamebaki barazani, huyu kule, huyu huku,
wakizitazama zile I mbili za HII:
nene, zimebanana bega kwa bega,
rangi bado mbichi.