Soma Tope

Loweka msasa usiku, alisema fundi Nkwabi,
asubuhi uwe kama ulimi wa ndama:
laini ukiutazama, mkwaruzo ukikulamba.
Tone la sabuni kwenye ndoo. Moja tu.
Na usichote chini, huko ndiko mchanga unakolala;
punje moja ya Isevya inatosha
kukuchorea mstari wa kulia nao wiki nzima.

Kibao chetu ni kisigino cha kandambili,
ya kushoto, ya mtu tusiyemjua.
Usisugue kwa vidole vitupu, vidole vina mabonde.
Nenda mshazari, rudi mshazari,
usikaze mkono. Maji ndiyo yanayofanya kazi,
wewe unayasindikiza.

(Na maji ya Tabora, mwezi wa kumi,
yanakuja kwa baiskeli, dumu kwa dumu.
Nayapima kwa kopo, kama dawa ya mtoto.)

Soma tope, alisema. Tope halidanganyi.
Likiwa jeupe kama tui, uko kwenye vanishi.
Likishika rangi, umeingia bila hodi.

Ganda la chungwa likaanza kulala,
vipele vya vumbi vikazimika kimoja kimoja,
mlango ukafifia, ukawa jicho la mgonjwa.
Ndivyo unavyotakiwa. Hufa kwanza, ndipo ung'ae.

Nilikuwa na hasira siku ile. Sababu yake naiacha.
Kwenye ukingo, pale ambapo rangi haina nyama,
nilipita mara tatu badala ya moja.
Tope likatoka bluu,
na chini ya bluu, praima.

Nkwabi alikuwa kwa fundi umeme na kompresa.
Nikachovya njiti ya kiberiti kwenye rangi iliyobaki,
nikagusa doa, nikalipulizia kwa mdomo wangu,
nikapaka polishi hadi kiwiko kikalia.

Mzee Kasubi akaja na pesa za tumbaku,
akainama, akajiona mlangoni,
akaweka sawa kofia yake.
Akaongeza elfu mbili, ya soda.
Soda nilikunywa. Haikuwa tamu.

Sasa Korola ile ikipita barabara ya stesheni
watu wanaona mawingu yakiteleza ubavuni.
Mimi naona kidonge cha kijivu.

Nkwabi hajasema neno.
Ila tangu hapo, kabla hajanipa kandambili,
huishika kwanza, hunitazama usoni,
huuliza: Umeamkaje?
Na husubiri jibu.