Tisa wa Jumamosi

Jumatatu mpaka Ijumaa mimi ni mwandishi.
Kompyuta ni ya Noorali, umeme ni wa Noorali,
hata kiti kinachonung'unika ni chake,
barabara ya Nkrumah, ghorofa ya pili,
juu ya duka la vipuri.
Saa saba akienda kula biriani yake
fomu za forodha nazisukuma kando,
naandika: bei ya kitunguu Kongowea,
paka wa Kibokoni aliyeingia benki akapanga foleni,
bawabu wetu Ngowa anayeyasalimu makontena
kwa majina ya wakwe zake.
Nabonyeza. Mji unasoma.
Jumanne, watu mia mbili na kumi na wawili.
Jumatano mia tatu, sijui kwa nini,
labda kwa kuwa juma letu lina tano mbili,
Jumatano kwa Kiswahili, Alhamisi kwa Kiarabu,
na mtu akipewa tano mara mbili hufurahi.
Ijumaa naandika mapema, kabla ya adhana,
maneno mafupi, yenye haraka ya kanzu.

Halafu kimya.

Msinilaumu. Wikendi ina mikono mingi.
Jumamosi maji hayapo, mwenye mkokoteni kapandisha bei,
madumu kumi na mawili hadi ghorofa ya nne, Tudor,
simu ya nyumbani ni moja na ina ufa,
Shufaa ameishikilia, anaangalia katuni,
kuna harusi Bondeni, kuna matanga Mishomoroni,
na mke wangu ana kauli yake:
"Yakhe, kile kitunguu ulichokiandika Jumanne,
leo kimenye."

Nikichungulia hesabu usiku, naona tisa.
Tisa tu. Ni kina nani hao
wanaopapasa mlango Jumamosi
duka limefungwa, mwenye duka anafua?
Nilidhani ni mashine. Nilidhani ni mimi mwenyewe
nimejihesabu mara tisa.

Mfungo Sita, usiku wa kuamkia Jumapili,
shangazi Mwanamvua akabanwa na pumu.
Hospitali kuu, saa tisa,
benchi la chuma, feni yenye bawa moja lililopinda.
Wodi imelala. Muuguzi mmoja, beji yake: MBODZE,
viatu kavua, mguu juu ya mguu,
anasoma simu, akacheka peke yake
akaufunika mdomo kwa faili la mgonjwa.
Nikapita kama naenda msalani.
Kwenye kioo: paka. Foleni. Benki.

Paka wa Jumanne, amefika zamu ya Jumamosi
kama kiporo kilichofunikwa kawa,
na bado kina chumvi.

Nilitaka kusema ni mimi. Ulimi ukawa mzito.
Mwandishi gani huyu, malapa ya bafuni,
fulana ya kampeni ya mwaka juzi,
madoa ya bizari kifuani?
Akainua macho. "Wewe ni wa kitanda gani?"
"Kumi na nne."
"Anapumua. Kalale."

Sikulala. Nikahesabu kwa vidole:
mosi, pili, tatu.
Kumbe lugha yangu huanzia hapa,
hapa hapa ninapofungaga duka.
Neno wikendi tuliliazima tu,
tukaliamini liliposema ni mwisho.

Betri asilimia nne. Ufa unapita katikati ya herufi.
Sikutafuta kichekesho. Niliandika:
Wa kitanda cha kumi na nne anapumua.
Feni imepinda bawa. Kuna mtu hapa
amevua viatu, yuko macho kwa ajili yetu.
Nikabonyeza. Simu ikazima
kabla ya kuniambia kama yamekwenda.

Ng'ambo ya meza, kidole cha Mbodze
kilikuwa kinavuta kioo kwenda chini,
kikiachia, kikivuta tena,
kama mtu aliye na kamba ya kisima mkononi
na hajasikia ndoo kugusa maji.