Kata

Uliponituma kata, Bibi Mwajaa,
nilivaa viatu.
Nilikuwa na miaka tisa, na kata niliyoijua
ni ile ya Mabawa, yenye mhuri, benchi na foleni,
mtendaji katoka kunywa chai.
Ulicheka mpaka ushungi ukakuvuka.
"Kata, mjukuu wangu! Iko hapo juu ya mtungi!"

Kumbe ni kifuu tu,
kimesuguliwa kwa majani ya msasa,
kikatobolewa ubavuni, kikatiwa mpini wa mfenesi.
Ukanifunza: kata huchota, haigusi mdomo.
Humimina kikombeni, ikarudi msumarini.
Mchele kibaba, maji kata mbili.
Mgeni haulizwi kama ana kiu;
hupewa kwanza, ndipo aulizwe atokako.

"Ndiyo hii inayokata kiu?"
"Hiyo kata nyingine," ukasema,
ukaifuta kwa pindo la kanga.
"Lakini zinajuana."

Kisha mtungi ukapasuka.
Likaja jagi la plastiki, jekundu,
la duka la Barabara ya Nane,
na neno lako likakaa kimya nyumbani
kama mpangaji asiyedaiwa kodi.
Hata wewe ulisema jagi.

Leo asubuhi, nyuma ya pazia uani,
waosha wamekuzunguka.
Maji yametiwa majani ya mkunazi.
Mmoja wao, mzee kama wewe,
akalisukuma jagi kando,
akanyoosha mkono bila kugeuka:
"Kata."

Sikuvaa viatu.
Nilijua ilipo.