Baada ya Chakula

Mfamasia ameandika kwa kalamu nyekundu,
akapigia mstari mara mbili:
baada ya chakula.

Basi saa kumi na mbili, Idrija ingali gizani,
theluji imepanda hadi kwenye kioo,
mimi Zofka Pivk, mjane wa mchimba madini,
natafuna mkate nisioutamani
ili nilitandikie tumbo mkeka
kabla mgeni hajaingia.

Watu husema baridi yabisi.
Daktari Trampuž anasema baridi imesingiziwa:
huu ni moto, mama,
mwili unajichoma ukidhani unalinda nyumba.

Chanda chema huvikwa pete.
Changu kilivuliwa, kwa msumeno wa sonara,
na lile fundo la kidole
halikusema hata ahsante.

Nangoja. Dakika arobaini.
Mto wa lesi uko mapajani,
jozi kumi na nne za vijiti zimening'inia, zimenuna,
pini zimesimama pale nilipokomea jana,
kwenye jani la tatu.

Kisha, wala usiniambie muujiza,
ni kama mtu aliyekuwa akikufinya
akakumbuka shughuli nyingine.
Gumba kwanza.
Cha shahada baadaye, kwa kinyongo.
Vijiti vinaanza kusengenyana, ka-ka, ka-ka,
uzi unapita chini ya uzi,
na hadi adhuhuri mikono hii ni yangu.

Jirani yangu Tončka alikuwa akimeza mbili mbili.
Moja ikifaa, alisema, mbili zitafaa zaidi.
Vuli iliyopita alitapika machicha ya kahawa
na hakuwa amekunywa kahawa.
Amerudi kutoka hospitali ya Ljubljana
nguo zake zikimtafuta ndani yake.

Kwa hiyo moja. Moja tu.
Na kila miezi mitatu natoa damu
ili wakaziulize figo kama zimechoka.

Ila kuna hili, daktari hajui:
Jumapili simezi.
Nataka kuona maumivu yamefika wapi
nilipokuwa sipo.
Yamefika mbali.
Siwezi kufunga koti la kanisani.

Tončka huja, naye vidole vyake vimepinda
kama mizizi ya tangawizi.
Wanawake wawili, vidole ishirini, kifungo kimoja.
Kengele imekwisha kulia,
padri ameanza,
nasi tungali mlangoni,
tunacheka, tunakikosa tundu,
tunacheka tena.