Sare

Miaka kumi na tisa nimeshona sare,
marinda ya buluu, kaptura za kijivu.
Bega la mtoto wa darasa la nne nalijua kwa jicho,
na pindo huliacha nene, kwani watoto hurefuka
na mshahara wa baba zao haurefuki.

Otiato wa gereji akaja na miavuli mibovu kumi na minne.
"Mama Kerubo, nikatie matanga."
Nikamwuliza: matanga ya nani, nani amekufa?
Akacheka mpaka akashika meza ya cherehani.
"Ya mashua," akasema.
Mashua, Njiru!

Lakini zilikuwa mashua kweli, saba,
kila moja urefu wa mkono wangu hadi kwapani:
ubavu wa sponji ya friji iliyokufa,
uliosuguliwa kwa msasa, ukavikwa magazeti na gundi ya mbao
(ya Kerubo ina bei ya mahindi kifuani),
mlingoti wa eriali ya televisheni,
mkuku wa bati la bango la mgombea aliyeshindwa,
na farumi ni zile risasi ndogo za kusawazisha magurudumu,
zimeyeyushwa katika mkebe wa samaki.

Sheria ziko nyuma ya kalenda ya duka la mbegu.
Kilo moja na robo kwenye mizani ya Lekishon wa bucha,
isizidi, isipungue.
Gharama shilingi elfu mbili mia tatu, rimoti ikiwemo,
na risiti uzitoe mbele ya watu.
Mtoto wa mwenye ploti alileta mlingoti mweusi wa ng'ambo,
mwepesi kama unyoya.
Akarudishwa nao. Kesho yake akaja na eriali.

Redioni timu zikitoka sare watu hugombana.
Hapa sare ndiko wanakoanzia.

Nami nilikata matanga yote kwa kielezo kimoja cha manila,
la mbele na la nyuma, saba mara mbili.
Yote, ila moja.
La Kerubo, mkasi uliteleza nje ya chaki
upana wa ukucha, ukingo wa nyuma, pale upepo unapotokea.
Nasema uliteleza.
Mkasi wangu haujateleza tangu nilipokuwa mwanagenzi.

Jumamosi, kwenye timbo la mawe lililojaa mvua,
maji rangi ya chai, kuta za mawe pande tatu,
upepo wa huko hauna adabu:
huingia mlangoni, hutokea dirishani, hurudi kuchukua kofia.
Mwikali akagonga debe.
Mashua zikaondoka zikisukumana kama foleni ya maji.

Nikajifunza neno: kubisha.
Huendi moja kwa moja dhidi ya upepo.
Unaubishia kulia, unaubishia kushoto,
kama unavyobishana na karani wa kaunti hadi achoke.
Kerubo alibisha vizuri,
ulimi nje, vidole gumba viwili juu ya rimoti.
Abdirizak alimpita kwenye mtungi wa njano, boya la pili.
Naliaka akampita hatua chache kabla ya mwisho.

Wa tatu.
Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa najiuliza
ukucha wangu umekwenda wapi.

Usiku, yeye kalala, nikateremsha tanga
nilipunguze kabla Lekishon hajaja na rula yake.
Nikalilaza juu ya kielezo.
Likalingana.

Ukingo wa nyuma ulikuwa umekunjwa kwa ndani, upana wa ukucha,
kwa uzi wa kijani niliomkataza kuugusa.
Mishono imekwenda upogo, mmoja mrefu, mmoja mfupi,
fundo la mwisho kubwa kama punje ya mtama.
Kazi mbaya. Ingekuwa ya mwanafunzi wangu
ningeifumua yote.

Nikalirudisha mlingotini lilivyokuwa.