Kabla Halijafunguka

Jadvyga, leo nimepanda darini.
Miezi mitano nimeipita ngazi ile
kama mdeni anavyopita duka la anayemdai.
Maua yako yapo palepale, vichwa chini,
miguu imefungwa kwa kamba za viatu vyangu vya kazini.
Kumbe zilikuja huku.
Manjano bado ni manjano. Zambarau imefifia kidogo.
Panya amekula mkia mmoja wa nyasi,
mmoja tu, kama aliyeonja akaomba radhi.

Soko la Mtakatifu Kazimieras ni wiki mbili zijazo.
Bronislava ameniuliza jana, juu ya uzio,
koleo la theluji mkononi:
“Mwaka huu meza yenu itakuwa tupu?”
Mdomo ukaniponza. Nikasema haitakuwa.

Basi nimekaa jikoni.
Mimi, fundi wa lifti miaka thelathini na minne,
niliyekaza nyaya za chuma zikabeba watu tisa
mpaka ghorofa ya kumi na mbili,
nimeshindwa na kijiti cha mhazeli na uzi wa pamba.
Nikikaza, shingo ya ua inakatika.
Nikilegeza, yote yanamwagika
kama watoto wa shule kengele ikilia.
Verba ya kwanza imevunjika.
Ya pili imevunjika.
Ya tatu imepinda; nimeisimamisha kwenye chupa ya kefiri
nayo inanitazama
kama abiria aliyekwama kati ya ghorofa.

Hukuwahi kuniambia kwamba uzi hauvutwi.
Uzi unatulia. Kinachozungushwa ni kijiti.
Hilo nimeligundua saa tano usiku, peke yangu,
nikacheka kwa sauti mpaka paka akahama chumba.

Kisha nikatafuta mkasi,
na kwenye droo ya vijiko nikakuta vibiriti vyako.
Kumi na saba. Njiti hamna, mbegu tele,
na juu ya kila kimoja mwandiko wako wa penseli,
mkali kama sauti yako ukiwa na homa.
*Baada ya jalidi ya mwisho.*
*Haya hayapendi samadi.*
*Yale ya kando ya reli, usichanganye.*
Na kimoja, kimefungwa kwa mpira mara mbili:
*Z. asiyaguse.*

Nimeyagusa.

Lakini kibiriti cha mwisho ndicho kilichoniketisha.
Ni cha lile ua lako la makapi,
kavu hata likiwa hai, linalochakaa kidogo kidogo
na kukwaruza kidole kama karatasi ya zawadi:
*Kata kabla halijafunguka. Litamalizia lenyewe.*

Nilikuona, Septemba, wiki ile ya mwisho,
umekaa kwenye kigoda katikati ya tuta
kwa sababu kusimama kulikuwa kumekushinda,
ukikata matumba yaliyofumba kama ngumi za mtoto.
Nikakufokea kutoka mlangoni:
mwanamke, ua lina kosa gani,
si uliache kwanza lijione?
Ukainua nyusi moja. Ukaendelea kukata.

Kwa hiyo yalifunguka huku juu.
Gizani, bila maji, vichwa chini,
wakati sisi tuko chini tumevaa nyeusi,
tunapitishiana kahawa na mkate wa kimmeli,
tunaambiana kwamba imekwisha.
Juu ya vichwa vyetu, ubao mmoja tu katikati,
yalikuwa yanafunguka.

Sina la kuongeza hapo.

Verba ni kumi na moja sasa. Tano zinauzika.
Mbili nitazificha nyuma ya nyingine.
Ile iliyopinda haiendi sokoni;
paka ameshaizoea.

Na dirishani, kwenye vikopo vya mtindi,
nimetia udongo, nimetia mbegu za kile kibiriti changu cha marufuku.
Ni mapema mno, najua. Nje bado ni barafu,
na Bronislava amenicheka mpaka akashika uzio.
Yameota manne.
Usinifokee.